Nasaba si Ukabila: Majengo Yastahili Darasa la Historia ya Ukoo

Mtu akifariki dunia na kuacha nyumba, shamba au fedha benki, jamaa zake huelekezwa katika Mahakama ya Mwanzo. Na huko, kabla msimamizi wa mirathi hajateuliwa, hutakiwa kuleta muhtasari wa kikao cha ukoo. Ni karatasi moja tu. Huandikwa humo majina ya waliohudhuria, uhusiano wa kila mmoja na marehemu, na jina la yule waliyemchagua. Lakini karatasi hiyo moja ndiyo inayozua ugomvi katika jamaa nyingi, na si kwa sababu ya tamaa peke yake kama isemwavyo barazani, bali kwa sababu waliokutana hawajui kwa hakika nani ni nani. Mmoja adai kuwa yeye ni mtoto wa ndugu wa marehemu; mwingine asema huyo alilelewa tu. Wa tatu ameleta mashahidi kutoka Kondoa, na mashahidi hao wanamtaja marehemu kwa jina ambalo jirani zake wa miaka thelathini hawajapata kulisikia.

Watumishi wa serikali na walimu wanaijua hali hii kuliko watu wengine, kwa kuwa wao ndio wanaoombwa kalamu. Mwalimu huitwa jioni aje kuandika muhtasari. Karani huletewa maombi ya cheti cha kuzaliwa ya mzee wa miaka sabini ambaye hana tena wa kumshuhudia. Ofisa mtendaji hutakiwa athibitishe kwa muhuri jambo ambalo hakuna aliyemwonyesha. Wote hao hufanya kazi yao kwa kukisia, na ukisiaji huo, ukishapigwa muhuri, hugeuka kuwa ukweli wa serikali.

Dawa ya jambo hili si amri nyingine wala fomu iliyo ndefu zaidi. Wananchi wanahitaji kufundishwa, kwa pamoja na kwa utaratibu, namna ya kuitafiti historia ya jamaa zao wenyewe: namna ya kuwauliza wazee, namna ya kuandika walichosema, namna ya kukilinganisha na maandishi yaliyomo katika madaftari ya makanisa, misikiti, mahakama na Nyaraka za Taifa. Darasa la namna hiyo linaweza kuanzishwa katika kata moja bila kusubiri fedha kutoka mbali. Na kama ipo kata moja katika nyanda za kati inayostahili kuanza, basi ni Majengo ya Dodoma.

Jina lenyewe laeleza sababu. Majengo ziko nyingi katika Afrika ya Mashariki, Moshi, Mombasa, Nairobi, na kila lilipo jina hilo hukumbusha mahali walipojenga watu waliotoka kwingine. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Pamoja nayo walikuja vibarua, mafundi, askari na wachuuzi wa kila kabila, wakajenga, wakaoa, wakazika. Mwezi wa Oktoba mwaka 1973 TANU ilipitisha uamuzi wa kuyahamishia Dodoma makao makuu ya nchi, likaja wimbi la pili. La tatu ni la mwaka 2016 na baada yake, Serikali ilipohamia kweli kweli. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 410,000 katika Dodoma mjini. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 765,000. Mji ulikaribia kuongezeka maradufu katika miaka kumi. Anayekwenda kununua mtama, karanga au ubuyu katika soko la Majengo huwasikia wauzaji wakizungumza Kiswahili cha lafudhi nyingi sana, na wajukuu wa wauzaji hao watajiita watu wa Dodoma bila kujua ni njia gani iliyowaleta babu zao.

Wapo watakaoshtuka kusikia habari za nasaba. Watauliza: je, huku si kurudisha ukabila kwa mlango wa nyuma? Swali hilo halistahili dharau. Taifa hili lilijengwa kwa kukataa kuulizana makabila. Mamlaka ya machifu yaliondolewa kisheria mwaka 1963, na kizazi kizima cha vijana kilipelekwa makusudi kusoma na kufanya kazi mbali na kwao. Waliofanya hivyo walijua walichokuwa wakikikwepa. Jirani wa nchi hii wamekwisha kuonyesha, kwa damu, jinsi asili ya mtu inavyoweza kuandikwa katika kitambulisho na kisha kutumiwa kumwua. Wananchi wa Rwanda walilipa gharama hiyo mwaka 1994.

Lakini ukabila na nasaba ni vitu viwili, na mara nyingi ni maadui. Ukabila huishi kwa hadithi fupi: kwamba sisi tumekuwa hapa tangu mwanzo, sote wa damu moja, na wale ni wageni. Nasaba ikitafitiwa kwa uaminifu huivunja hadithi hiyo kabla haijafika kizazi cha tano. Wagogo wenyewe, wenyeji wa nchi hii ya Dodoma, ni mfano mwema. Kila Mgogo ana mbeyu yake, yaani ukoo wake, neno ambalo kwa Kigogo ndilo lile lile la mbegu. Na kila mbeyu ina muzilo wake, yaani mwiko unaowatambulisha watu wake. Mtu akiwauliza wazee wa koo hizo walikotoka wahenga wao, atajibiwa Uhehe, Unyamwezi, Ukaguru, Ukimbu na kwingineko. Hata jina la Wagogo husimuliwa kuwa walipewa na wapita njia wa misafara ya Kinyamwezi. Basi hapo ndipo pana somo lisilopatikana katika hotuba: kabila zima limefanywa na watu waliohamia, wakaoana, wakalima pamoja na kukubaliana mwiko. Majengo imefanya jambo lile lile, ila kwa haraka zaidi na juu ya reli.

Aliyeliona hilo mapema na kuliandika kwa Kiswahili alikuwa mtu wa Dodoma. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, anakumbukwa na walimu wengi kwa ushairi wake na kwa uongozi wake katika chama cha washairi, UKUTA. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1954 alichapisha kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, ambamo alikusanya habari za koo, watemi na asili zao kutoka vinywani mwa watu wenyewe. Hakuwa profesa. Alikuwa mwalimu na mtumishi wa serikali, mtu wa aina ile ile inayosoma ukurasa huu, na kazi aliyoifanya aliifanya akiwa na majukumu mengine. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 1969, Peter Rigby alitoa kitabu kikubwa cha Kiingereza juu ya mifugo na udugu katika Ugogo. Na mwaka 1995 kitabu cha Mnyampala nacho kilitolewa kwa Kiingereza katika tafsiri ya Gregory Maddox. Ni jambo la kutia haya kwamba leo ni rahisi kukipata kitabu cha Mgogo huyo katika maktaba ya chuo kikuu cha Marekani kuliko katika shule nyingi za msingi za Dodoma.

Sasa, darasa lenyewe lifundishe nini? Jambo la kwanza ni majina, maana hapo ndipo wengi hupotea. Mtanzania wa kawaida hana jina moja la ukoo lishukalo kutoka kizazi hadi kizazi kama Wazungu. Ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Kwa hiyo mtoto wa Juma Hamisi Ali aweza kuwa Ali Juma Hamisi, na mjukuu akawa Juma Ali Juma. Anayetazama daftari la zamani bila kulijua hilo atadhani ameona mtu mmoja mara mbili, au atadhani ndugu wawili hawahusiani. Tena mtu yule yule huwa na majina kadhaa kwa nyakati mbalimbali. Alizaliwa akaitwa kwa Kigogo au Kirangi jina la tukio, mvua, njaa au safari. Alibatizwa Mvumi, ambako misheni ya Kianglikana ilifika mapema, akaitwa Yohana. Au alikuja mjini, akasilimu, akaitwa Ramadhani, na kwa jina hilo akaoa, akalipa kodi na kuzikwa. Wale mashahidi wa Kondoa waliotajwa mwanzo hawakuwa waongo hata kidogo. Walimjua mtu yule kwa jina la utoto wake. Darasa likiwafundisha watu kuandika majina yote ya mtu mmoja katika mstari mmoja, pamoja na mahali kila jina lilipotumika, litakuwa limemaliza nusu ya mashauri kabla hayajafika kwa hakimu.

La pili ni wakati. Wazee wa nyanda za kati hawakuhesabu miaka kwa tarakimu. Walihesabu kwa mambo yaliyowapata, na kubwa kuliko yote ni njaa. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliiteka Dodoma kutoka kwa Wajerumani. Kwanza Wajerumani na kisha Waingereza walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zikakosa, na ikafuata njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, jina lifasiriwalo kuwa kugombania. Ilidumu hadi karibu mwaka 1920. Yakadiriwa kuwa watu 30,000 walikufa kati ya 150,000, yaani mmoja katika kila watano. Hakuna aliye hai leo aliyeiona kwa macho yake, lakini wapo wazee wa miaka themanini na tisini waliosimuliwa na wazazi wao walionusurika. Kwa mtafiti wa nasaba, Mtunya ni kama jiwe la mpaka. Babu alikuwa amekwisha kuoa wakati wa Mtunya, au alikuwa bado anachunga mbuzi? Kama alichunga mbuzi, alizaliwa karibu na mwaka ule reli ilipofika. Nani walitiwa jando pamoja naye? Watu wa jando moja hutofautiana umri kwa miaka michache tu, na mmoja wao huenda aliandikwa mahali fulani. Kwa maswali ya namna hii, tarehe iliyokisiwa na karani mwenye haraka yaweza kusahihishwa, na mara nyingine hutofautiana na ukweli kwa miaka kumi.

Mawe mengine ya mpaka yako karibu zaidi. Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971, iliyotangulia uhamishaji wa vijijini wa nchi nzima, iliwatoa watu katika matembe yao yaliyotawanyika na kuwaweka pamoja. Shule, visima na zahanati vilifuata, wala haifai kulisahau hilo. Lakini kaya za zamani zilibaki porini pamoja na makaburi yake, na vijana waliozaliwa baada ya hapo hawakupitishwa tena katika njia ambazo wazazi wao walionyeshwa: hapa palikuwa zizi la babu, pale chini ya mbuyu amelala bibi. Sasa mji unakwenda kuyafuata makaburi hayo. Barabara ya mzunguko ya kilometa 112.3, uwanja wa ndege wa Msalato, reli mpya na viwanja vilivyopimwa vinapita katika nchi ambayo si tupu kama ionekanavyo kwa mgeni. Sheria ya kuhamisha makaburi ya mwaka 1969 yaagiza ilani itolewe, yawapa jamaa wa marehemu nafasi ya kujitokeza, na hata yakubali gharama za matambiko. Ni sheria yenye heshima. Lakini yamfaa nini mtu asiyejua kwamba kaburi lile ni la bibi yake?

Kuna swali moja ambalo darasa lolote la Dodoma lisingekosa kuliuliza, nalo halimo katika vitabu vya nasaba vya Ulaya: ng'ombe wa mahari walikwenda kwa nani? Katika Ugogo mahari si mali ya baba peke yake. Ng'ombe huchangwa na jamaa wa mwoaji, na huko yanakopokelewa hugawanywa kwa ndugu wa upande wa baba na wa upande wa mama. Mzee ambaye hakumbuki jina la mama wa bibi yake aweza kukumbuka barabara kwamba fahali mwekundu alichukuliwa na mjomba fulani wa Bahi, na kwamba ndama wawili hawajalipwa hadi leo. Kumbukumbu ya ng'ombe ni kumbukumbu ya watu. Nayo ina faida nyingine: huwarudisha wanawake katika orodha. Wanaume wakiachiwa waandike nasaba peke yao huandika baba, babu na baba wa babu, kama kwamba watu hao walijizaa. Bibi ndiye ajuaye nani alinyonya pamoja na nani, nani alizaliwa nje, nani alikufa mchanga bila kupewa jina. Darasa lisilo na bibi ndani yake ni afadhali lisifunguliwe.

Hapo pana jambo zito ambalo haifai kulipita upesi. Nasaba ina siri. Wakati wa Mtunya wako wazazi waliowaweka watoto wao rehani kwa wenye chakula ili waokoke, na si wote waliokombolewa. Watoto hao walikua katika kaya za watu, wakachukua mbeyu ya waliowalea, wakazaa. Kabla ya hapo, misafara ya pwani iliyopita Ugogo kwa kulipa hongo ilibeba pembe na pia ilifuatana na watumwa, na wako waliobaki njiani. Miji yote ya reli ina jamaa ambazo babu yao hakuja kwa hiari yake. Kwa miaka mingi wameficha jambo hilo, na waliwaficha hata wajukuu, si kwa sababu ni aibu yao bali kwa sababu watu waliligeuza kuwa aibu. Mwanafunzi wa darasa akikutana na habari ya namna hiyo katika jamaa yake, afanye nini? Na akikutana nayo katika jamaa ya jirani?

Hii ndiyo sababu darasa la pamoja ni bora kuliko mtu mmoja mmoja kujifunza kwa simu yake usiku. Katika darasa huwapo mwalimu wa kumkumbusha mtu kwamba mzee aliyesema ana haki ya kukataa lisiandikwe. Kwamba ruhusa huombwa kabla ya kinasa sauti kuwashwa, si baada. Kwamba habari za aliye hai si mali ya darasa. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kuliwekea jambo hili msingi, na mtumishi wa serikali hana udhuru wa kutoijua. Zaidi ya sheria, darasa huwa na watu wengine waliokutana na habari kama hizo. Mjukuu wa mtoto aliyewekwa rehani akigundua kwamba katika benchi moja wamo wengine wawili kama yeye, mzigo wake hupungua. Kazi hiyo haifanywi na karatasi.

Kuhusu maandishi, yapo mengi kuliko wananchi wanavyodhani. Wakoloni walikuwa wakusanyaji hodari wa habari za watu waliowatawala, kwa faida yao wenyewe, lakini karatasi zao zimebaki. Nyaraka za Taifa, zilizoanzishwa mara baada ya uhuru, zinahifadhi Dar es Salaam mafaili ya Wajerumani na ya Waingereza, vikiwemo vitabu vya wilaya ambamo mabwana shauri waliandika habari za koo, watemi na mipaka; na Dodoma kipo Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu. Makanisa yana madaftari ya ubatizo na ndoa. Misikiti ina kumbukumbu za ndoa. Mahakama za Mwanzo zina mafaili ya mirathi. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ni ya mwaka 1920, lakini chini ya wakoloni Mwafrika wa kawaida hakulazimishwa kuandikishwa, na hata baada ya uhuru uandikishaji ulienea polepole sana. Kwa hiyo atakayekwenda RITA kutafuta cheti cha babu yake aliyezaliwa mwaka 1930 hatakipata, na si kosa la RITA. Mwanafunzi ajulishwe hayo mapema, asije akakata tamaa mlangoni. Ajulishwe pia kwamba bwana shauri aliandika alichoambiwa na mtemi au karani wake, na mtemi alikuwa na sababu zake. Wino wa zamani haufanyi uongo kuwa kweli.

Wapo watakaosema kwamba madarasa ya namna hiyo ni ndoto. Hao wamesahau nchi hii ilikotoka. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 wananchi walikaa katika vikundi kusikiliza redio na kujadili historia ya miaka kumi ya uhuru katika mafunzo ya Wakati wa Furaha. Mwaka 1973 Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili, chini ya miti na katika madarasa ya shule, kila kikundi kikiwa na kiongozi wake aliyefunzwa kwa siku chache tu na kitabu kimoja mkononi. Watu wazima wasiojua kusoma, waliokuwa theluthi mbili hivi mwishoni mwa miaka ya sitini, walipungua hadi karibu asilimia 10 kufikia mwaka 1986. Yote hayo yalifanyika bila simu za mkononi na mara nyingi bila umeme. Na mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwauliza wazee habari za vita vya Maji Maji. Vijana wasio na uzoefu walirudi na ushahidi ambao wanahistoria wa dunia wanautumia hadi leo. Walifundishwa namna ya kuuliza, wakaenda.

Majengo ina vyote vinavyohitajika. Darasa la shule ya msingi likiwa tupu jioni halidai kodi. Walimu wa historia wapo, na somo la Historia ya Tanzania na Maadili lililomo katika mitaala mipya linawataka watafute mifano ya mahali walipo. Mfano gani ulio karibu kuliko jamaa ya mwanafunzi? Walimu wastaafu wako wengi, na baadhi yao wanakaa barazani wakisubiri kuulizwa jambo. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kina wanafunzi wanaohitaji kazi za utafiti na wahadhiri wanaoweza kutoa jioni moja kwa mwezi. Maktaba ya mkoa ina kabati. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina uzoefu wa nusu karne. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaita pamoja, na mtu huyo hatatoka Dar es Salaam. Maktaba ndiyo inayofaa kuwa nyumba ya kazi hiyo, kwa kuwa ofisi ya kata hubadilisha viongozi na karatasi zake huhamahama, bali mkutubi huandika namba juu ya kila kitu na kukirudisha rafuni.

Iko hatari moja ambayo waandaaji hawana budi kuikabili tangu siku ya kwanza. Mji unaopanda bei huamsha wajanja. Ardhi ya Dodoma ina thamani leo kuliko wakati wowote, na atatokea mtu mwenye daftari safi, lenye vizazi saba na mihuri, akidai kwamba mtaa mzima ulikuwa malisho ya babu yake. Darasa lisiwe kiwanda cha madaftari kama hayo. Njia ya kulizuia ni ya kikarani: kila neno liandikwe limetoka kwa nani, alilisema lini, mbele ya nani, na yeye alilisikia wapi, wanaopingana waandikwe wote wawili, kila mmoja kwa maneno yake, bila kusuluhishwa na mwalimu, na juu ya kila daftari pawepo maneno haya, kwamba limeandikwa kwa ajili ya elimu ya jamaa wala si hati ya ardhi. Hakimu atakayelisoma atajua alipe uzito gani. Nasaba isiyoonyesha mahali ilipopata shaka haifai kuaminiwa, hata ikiwa imechapwa vizuri namna gani.

Gharama ni ndogo kiasi cha kuwatia shaka waliozoea semina. Madaftari makubwa yenye jalada gumu, kalamu za wino usiofutika, chai ya wazee na nauli ya bodaboda ya kuwaleta na kuwarudisha. Simu za wanafunzi zitanasa sauti, nakala moja ya sauti hizo ikiwekwa maktaba pamoja na maandishi. Watu ishirini watosha kwa kuanzia, wakichanganywa: waliozaliwa Majengo na waliohamia na Serikali mwaka 2016, mama ntilie na ofisa wa wizara, kwa sharti kwamba kila mmoja aje na mzee mmoja, awe wake au wa jirani. Ofisa aliyetoka Kagera au Mtwara hana mzee hapa. Apewe wa Majengo amsikilize, naye atakaporudi kwao likizo atakuwa amejua la kuwauliza wa kwake.

Wakati ufaao ni baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa Juni, mvua zikiwa zimekoma, njia za vijijini zikipitika na wazee wakiwa hawana shughuli za shamba. Jioni ya kwanza haihitaji mhadhara. Kila mwanafunzi apewe karatasi tupu, aandike majina ya bibi zake wawili, mahali walipozaliwa na mahali walipozikwa. Wengi wataandika mawili au matatu ya majibu hayo sita, kisha watasita. Karatasi hizo zikusanywe, ziwekwe tarehe, zifungiwe kabatini. Na kazi ya juma la pili iwe kwenda kuuliza yaliyosalia.